Sauti ya Ghala Tupu

...na mchungaji akisema "kwa kumalizia" usimwamini, hilo Wamalwa alilijua kwa miaka mitano ya kumsindikiza kwa kinanda, kwa kumalizia ya kwanza ni kupiga hodi tu, ya pili ni kuvuta kiti, ya tatu ndiyo mgeni ameketi na chai imebandikwa, kwa hiyo vidole vyake havikuondoka pale vilipolala, kwenye noti za F, kisha ile D ya huzuni, kisha F tena, polepole, laini, kumtandikia mtu wa Mungu mkeka wa kuketisha maneno yake, maana hiyo ndiyo kazi, mchungaji akiomba kinanda hakinyamazi, kikinyamaza watu hufungua macho, wakifungua macho wanaanza kufikiria sufuria walizoacha jikoni, na mpiga kinanda ndiye mtu pekee katika kanisa zima asiyeruhusiwa kufumba macho kwa sababu lazima auone mkono wa mchungaji ukipanda na kushuka... mtu pekee, isipokuwa leo, leo walikuwa wawili, maana safu ya tatu upande wa akina mama, karibu na nguzo, Cherop alikuwa amesimama wima, macho wazi, akimtazama. Usimwangalie. Angalia vidole. "Tunakushukulu Baba kwa mvua, tunakushukulu kwa mbolea ambayo bado iko njiani..." Ameeni, wakasema watu, na Wamalwa akaangalia vidole, akajikemea kimoyomoyo kama mtu anayekemea mbuzi wa jirani, tulia, tulia wewe, anaangalia tu, kuangalia si kosa, amekuja kanisani kama watu wote... lakini watu wote hawatoki Kitale alfajiri kuja kusali Bungoma, barabara ya Bumula, kwenye kanisa la mabati ambalo hata bodaboda wa mjini huuliza liko wapi, na watu wote hawakusimama pale wageni walipoambiwa wasimame, wakasema walichosema.

Maana wageni lazima wasimame, desturi ni desturi, utaje jina, utaje unakotoka, useme kama umeokoka, upigiwe makofi uketi, na yeye akasimama, mwembamba kuliko alivyomkumbuka, kitambaa cha bluu shingoni, akafungua mdomo na kikatoka kitu kama upepo chini ya mlango, hata Ivy wa kukaribisha wageni akakigonga kipaza sauti kwa kucha, tu, tu, tu, akidhani betri imekufa, na Cherop akatabasamu, akakivuta karibu, akasema kwa kile kinong'ono, "Maiki ni mzima, dada. Ni mimi sina sauti." Kicheko kidogo, cha huruma. "Naitwa Cherop, natoka Kitale. Mwaka juzi nilipasuliwa hapa kwa koo, wakatoa uvimbe, sauti ikaenda nayo. Siimbi tena. Nimekuja kusikia ule wimbo wenu wa Nijaze, nilisikia kwaya ikiuimba kwa mazishi huko kwetu, wakasema umetoka hapa." Na kanisa likapiga makofi, na Mchungaji Wanyonyi, ambaye husifiwa na watu wachache na hupenda kila mmoja wao, akanyoosha kidole kwenye kinanda, "Mmeona? Wimbo wa Blaza Wamalwa umefika Kitale kabla yangu! Mama, wewe hutatoka hapa bila kuusikia. Tukimaliza kuomba, Blaza atatuongoza katika ule wimbo Bwana alimpa kwa mfungo." Kwa mfungo. Siku tatu bila chakula, ndivyo alivyotoa ushuhuda mwenyewe, akisimama palepale pa kutolea matangazo, Bwana akanipa maneno, na watu wakalia, na Lenah akalia, Lenah aliyekuwa bado si mke wake, alikuja baada ya ibada akamwambia mtu aliyepewa wimbo kama ule hawezi kuwa mtu mbaya, na miezi sita baadaye wakaoana, wimbo ndio uliopeleka posa, na sasa Lenah amesimama hatua mbili kutoka kwake, kipaza sauti mkononi, macho amefumba, anavumisha taratibu chini ya maombi, F pamoja naye, D pamoja naye, anangoja zamu yake ya kuupandisha ule wimbo, hajui kitu, maskini, Lenah hajui kitu... wala kufunga hakufunga, alikuwa na homa ya matumbo, siku tatu hakula kwa sababu hakuna kilichokaa tumboni, na Bwana hakumpa neno, alichofanya ni kubadilisha maneno mawili.

Maana wimbo wenyewe ulikuwa unaimbwa na gunia. Hilo ndilo lililowafanya watu wacheke na kisha wanyamaze, gunia la mahindi linalosema na watu wenye sindano na kamba, msinishone mdomo, bado sijajaa, na Cherop aliutunga ameketi juu ya gunia la kweli, gunia la mwisho lililobaki kwenye ghala la baba yake nje kidogo ya Kitale, barabara ya Endebess, Mei ya mwaka elfu mbili kumi na nane, siku ambayo bendi ilipata jina. Ghala Tupu. Haikuwa akili nyingi, ilikuwa tu ukweli, ghala likiwa tupu kulikuwa na bendi, ghala likijaa hakuna bendi, Mzee Kipchirchir, baba yake Cherop, alisema hivyo tangu mwanzo, "Mimi sina shida na kelele, mahindi ndiyo yana shida na nyinyi," kwa hiyo waliishi kwa kalenda ya shamba, mahindi yakiuzwa yakaisha, wanaingia, Muhdhar na gitaa lake ambalo halikuthubutu kukanyaga Bungoma mjini, maana baba yake, Mzee Sharifo wa duka la mapazia karibu na msikiti, alijua kijana wake anasomea kompyuta Kitale, na yeye Wamalwa na besi ya kuazima mkononi na ngoma kubwa mguuni, maana mpiga ngoma hawakupata, akajifunza kupiga vyote viwili, mkono wa besi, mguu wa ngoma, kama mtu anayeendesha cherehani na kubembeleza mtoto, na Cherop katikati, bila kipaza sauti, hakukihitaji, kuta zile za mabati na saruji zilikuwa zinaishika sauti yake, zinaizungusha, zinamrudishia ikiwa kubwa zaidi. Roki. Roki ya Kitale, nani alisikia. Watu waliwaita wasomi waliochanganyikiwa. Misimu miwili, maonyesho kumi na moja, ndiyo kazi yao yote kama bendi, ukitaka kuiandika haijazi ukurasa, Webuye waliombwa wapige rumba wakashindwa wakapewa soda waondoke, Bokoli umeme ukapotea wimbo wa pili na Cherop akaendelea kuimba gizani mpaka watu wakawasha simu zao, na pale Bokoli, jamani, pale Bokoli mama mmoja muuza ndizi alimshika mkono akamwambia, "Wewe, hiyo sauti si yako peke yako, uangalie usiipoteze." "...na balabala ya Bokoli, Baba, ukumbuke balabala ya Bokoli..." Ameeni. F. D. Bado anaangalia, hajapepesa macho, ananiangalia mikono sasa, si uso, anaangalia mikono, anaijua hii mikono, na vidole vyangu, Mungu wangu, vidole vinapiga nini? F, D ya huzuni, F... ni wimbo wenyewe. Tangu mchungaji aanze kuomba, kwa dakika saba, nane, alikuwa anapiga mwanzo wa wimbo wa Cherop, taratibu, kila mtu amefumba macho ndani yake, wanaomba ndani yake, na mwenye wimbo amesimama safu ya tatu anasikiliza nyumba yake ikikaliwa na wageni.

Badilisha. Hamia kwingine. Lakini ukihama ghafla mchungaji hushtuka, huwa anasema kinanda kimeruka, na watu watafungua macho, kwa hiyo alibaki hapo, amenaswa, kama panya aliyeingia guniani akala akanenepa na sasa tundu la kutokea ni dogo, akajiambia, sawa, basi, mbaya zaidi ni nini, atasema wimbo ni wake, naye nitasema ndiyo tuliimba pamoja zamani, bendi ya vijana, tulisaidiana kutunga, nani atabishana, wimbo haukuandikwa popote, haukurekodiwa... na hapo wazo likakatika, likasimama kama ng'ombe aliyeona daraja. Haukurekodiwa. Hivyo ndivyo Cherop anavyojua, kwamba rekodi haipo. Basi aliposimama kule mazishini akasikia kwaya... na kwaya inaimbaje? Nijaze Bwana, bado sijajaa, na pale kwenye sijajaa wanaishikilia, jaaaa, watu sitini kwa pumzi moja, muda mrefu kupita kiasi, ndipo panapowatoa watu machozi, ndipo Lenah anapoinua mkono... na Cherop hakuwahi kuishikilia hivyo. Mazoezini alikuwa anaikata, sijajaa, pa, kama mtu aliyefunga mlango, misimu miwili aliikata, jukwaani aliikata, isipokuwa mara moja tu. Siku ya kurekodi. Oktoba ya mwaka wa pili, Ijumaa asubuhi, mashine ya kuazima inayotia sauti moja kwa moja kwenye flashi, wako kwenye wimbo wa mwisho, na lori la kwanza la mahindi mapya likafika getini kabla ya wakati wake, likapiga honi, ndefu, dereva ameegemea honi kabisa, na Cherop badala ya kusimama akaishika ile noti, akaikamata sawasawa na honi, akashindana na lori, macho amefumba, mishipa ya shingo imesimama, mpaka honi ikachoka kabla yake, ghala lote likabaki na yeye tu, na Muhdhar akasahau kupiga gitaa akasema, "Wallahi huyu si mtu." Walicheka mpaka wakakaa chini. Halafu wakafungua mlango mahindi yakaingia. Ile noti ndefu ilisikika mara moja duniani, na walioisikia ni watatu, na dereva wa lori, na flashi. Kwa hiyo kwaya haikuitoa kwenye kumbukumbu ya mtu. Mtu aliisikiliza, akairudia, akaisikiliza tena, akaifundisha sauti kwa sauti. Anajua. Hakuja kwa ajili ya wimbo, wimbo angeweza kuudai kwa simu. Anajua rekodi ipo.

Na ipo. Iko hapa. Iko nyuma ya kinanda hiki, imechomekwa, flashi nyeupe yenye alama ya rangi ya kucha ya Cherop, nyekundu, imebambuka nusu, midundo yote ya kanisa imo humo pamoja nayo, ile ya sifa na ile ya kuabudu, na chini kabisa faili moja isiyo na jina ambayo Wamalwa huifungua siku za mazoezi kanisa likiwa tupu, na Lenah huipangusa vumbi kila Jumamosi akipangusa kinanda, huisogeza kwa kitambaa, taratibu, kwa sababu mumewe alimwambia hiyo usiiguse sana. "...na wanafunzi wetu wa darasa la mtihani, Baba, uwape kukumbuka..." Kukumbuka. Alikumbuka. Hakutaka, lakini kinanda hakikumpa mahali pa kukimbilia, alikumbuka Myanga, kesho yake, Jumamosi, ufunguzi wa duka la vifaa vya ujenzi, wanapiga wimbo mmoja, mshereheshaji anatangaza mabati, wanapiga mwingine, anatangaza misumari, na mchana simu ikalia, simu yake yeye, maana namba ya bendi ilikuwa yake, ndiye aliyekuwa na laini yenye salio, na alikuwa ameenda nyuma ya duka, karibu na choo, na mtu akasema anaitwa Kinyua, yuko Nairobi, ana studio, ameona video ya Bokoli ile ya gizani. "Bro, huyo dada ni moto. Nasikia mmerekodi, nitumie hiyo kitu leo leo. Huyo dada na msee wa gitaa, nawataka wakuje. Besi niko na watu huku, si unaelewa, bro?" Alielewa. Alisema sawa bro. Alisimama pale nyuma ya duka na jua la saa saba kichwani, flashi mfukoni mwa shati, wawili wanaenda, mmoja anabaki, mguu wa ngoma na mkono wa besi vinabaki, akarudi uani akasikia mdomo wake ukisema, kabla hajauruhusu, jamani, flashi imeanguka chooni. Wakati huo ilikuwa ndani ya soksi.

Na hawakukasirika, hilo ndilo, wangekasirika angekuwa na la kujitetea... Muhdhar alikunja suruali, kijana msafi yule, wa udhu mara tano kwa siku, akaomba waya wa kufungia vyuma kwa mwenye duka, akaukunja ncha ukawa ndoana, akalala kifudifudi kwenye saruji ya choo, na mwenye duka akisimama mlangoni akitikisa kichwa, "Vijana, hiyo choo ni futi thalathini, hapo hata Yona hangetoka," na Cherop amejifunga leso puani, anapokea waya, anashusha, anavuta, kinatoka kitu, si chenyewe, anashusha tena, saa nzima na zaidi, na yeye Wamalwa kazi yake ilikuwa kumulika kwa simu. Alimulika. Alisogeza mwanga walipomwambia sogeza. Huku kidogo, Wama. Kushoto. Flashi inamkwaruza kifundo cha mguu kila akihama, na alikuwa anajiambia nitaitoa sasa, nitasema niliiona hapa kando, sasa hivi, wakivuta mara moja zaidi, na walivuta mara moja zaidi, na hakusema, na jioni ilipokaribia Cherop akakaa kwenye nyasi, mikono ameinyoosha mbali na mwili wake isiguse nguo, akamwona yeye analia, maana alikuwa analia kweli, akadhani analilia kile wanacholilia wao, akamwambia, "Wacha, Wama. Si makosa yako bana. Sauti si bado niko nayo? Mei ghala ikitoka mahindi tunarekodi tena." Mei. Machi nchi ikafungwa, kila mtu kwake, barakoa, kafyu, na Mei ghala lilikuwa bado limejaa kwa kuwa hakuna aliyekuwa akinunua, na Muhdhar akaingia kwenye mapazia ya baba yake, hadi leo wakikutana mjini ni niaje, ni poa, wanapishana, na Kinyua alipiga mara mbili akachoka, na hivyo ndivyo bendi ilivyokufa, hakuna aliyegombana na mwenzake, hakuna aliyelewa, hakuna aliyeiba mpenzi wa mtu, ilikufa ndani ya soksi.

"...kwa kumalizia, Baba wa mbinguni..." na Wamalwa akagundua kwamba uongo mpya ulikuwa tayari, umejipanga wenyewe akiwa anakumbuka, mzuri, wa kuaminika, Cherop, sijui hata nianzie wapi, wale wa kuchimba choo walikuja kuipata, fundi wa simu akaifufua, nimekuwa nikikutafuta miaka yote, shika, ni yako. Ungefaulu. Angeuamini, na hata asingeuamini angejifanya kuuamini, kwa kuwa hakuja Bungoma kumhukumu mtu, alikuja kuchukua sauti yake, haiko mahali pengine popote, shingoni haipo, Kitale haipo, na mtu aliyekuja kuchukua sauti yake hataulizia choo. Angeipokea kwa mikono miwili. Lenah asingejua, mchungaji asingejua, mfungo ungebaki mfungo. Na Cherop angemwambia asante. Kwa kile kinong'ono, kwa ule upepo wa chini ya mlango, angesogea karibu na sikio lake ili asikike, aseme, asante, Wama, asante kwa kunitunzia... na hapo Wamalwa akakataa, kwa sababu alishasamehewa mara moja pale kwenye nyasi za Myanga kwa kosa ambalo hakulifanya, la kuangusha, na msamaha ule ameubeba miaka sita kama kiatu cha mtu mwingine, na lile alilolifanya hakuna aliyelisamehe kwa sababu hakuna aliyewahi kuambiwa. Matusi angeyaweza. Lenah kufungua macho na kumtazama kama mgeni, hilo lingemuua kidogo, lakini angeliweza. Asante hataiweza. Mchungaji alikuwa amehamia kwa wajane, kisha kwa madereva wa masafa marefu, mkono wake bado juu, hakuna dalili ya kushuka, kinanda bado F, bado D, hakuna kilichobadilika katika kanisa lile, mabati yanapasuka kwa jua, mtu anakohoa nyuma, na Wamalwa alikuwa anapanga maneno, si mengi, matatu, Cherop, sikuiangusha, niliificha, akayapitisha ulimini bila sauti aone kama yanapita, yakapita, akayapitisha tena, kisha akaacha kuangalia vidole vyake na kuinua uso kuelekea safu ya tatu.